Anayeshuka na Basi Mang'ula

Mtu anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa kwa basi hushushwa Mang'ula, kijiji kilicho kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, mahali ambapo mlima umesimama upande mmoja kama ukuta wa kijani, na upande wa pili bonde la Kilombero limelala na mashamba yake ya mpunga na miwa. Konda hugonga bodi, basi huondoka, vumbi au maji ya mvua hutulia, na mgeni hubaki na begi lake miguuni akitafuta pa kusimama. Dakika hizo chache, kabla hajamwona mhifadhi wala kusoma bango lolote, ndizo mwanzo wa ziara yake. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikichora, kwa muda wangu mwenyewe na bila kuajiriwa na mtu, banda la abiria na jengo dogo la kupokelea wageni kwa ajili ya mahali pale, na leo nimeona niandike ni nini kimenifikisha kwenye michoro hiyo, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba tunaposanifu majengo ya hifadhi zetu huwa tunaanzia kwa mgeni asiye sahihi.

Nimeichagua Udzungwa kwa sababu moja kubwa. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, haina barabara za kuzungushia watalii kwa magari. Anayeingia huingia kwa miguu. Hutembea msituni na mwongozaji, hupanda hadi kwenye maporomoko ya Sanje yenye mita 170, na akibahatika huwaona mbega wekundu au mangabei wa Sanje, mnyama ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu ingawa wenyeji wa chini ya mlima walikuwa wakimfahamu siku zote. Maana yake ni kwamba mwalimu wa Ifakara, mwanafunzi wa Morogoro au fundi cherehani wa Kidatu hahitaji kukodi Land Cruiser ili aione hifadhi ya nchi yake. Anahitaji nauli ya basi, kiingilio, viatu vizuri na maji ya kunywa. Sijui hifadhi nyingine kubwa nchini inayompokea raia wa kawaida kwa urahisi kiasi hicho. Hata hivyo, ukitazama namna malango ya hifadhi zetu nyingi yanavyochorwa, utaona eneo pana la kuegesha magari, dirisha la malipo lenye kivuli cha dereva, bustani ya maua katikati ya mzunguko wa gari, na kwa yule aliyeshuka na basi, hakuna kitu. Kituo cha basi huhesabiwa kuwa kazi ya watu wa barabara, na watu wa barabara huhesabu kwamba lango ni la hifadhi, na baina ya wawili hao abiria hunyeshewa.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelishiriki. Kazi ya kwanza ya aina hii niliyopewa nikiwa kijana ofisini ilikuwa kibanda cha abiria mbele ya lango la hifadhi ambayo sitaitaja. Tulikichora mezani mjini. Kilikuwa na kuta tatu za mawe yaliyochongwa vizuri, paa la kigae, na benchi la zege lililojengewa ukutani. Kwenye picha kilipendeza, na nakumbuka tulivyofurahi siku kilipokamilika. Nilipopita tena baada ya mwaka mmoja na nusu, ndani mlikuwa na mbuzi wawili na mfuko wa mkaa uliofungwa kamba. Watu walikuwa wamekaa chini ya mkwaju, hatua kama ishirini hivi kutoka hapo, juu ya mizizi na madumu.

Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi na karanga chini ya mti ule. Aliitikia marahaba, akanipa nafasi ya kukaa, na nilipomuuliza kwa nini watu hawakitumii kibanda, alinijibu kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto: "Hilo banda, mwanangu, linakufungia njia. Ukikaa humo basi hulioni mpaka lifike mbele yako, na likishafika limekwisha kukupita. Na likikupita leo, unalala hapa." Akaongeza kwamba benchi lenyewe huwaka moto kuanzia saa nane mchana kwa sababu uwazi wa kibanda ulitazama magharibi. Mambo mawili hayo, njia ya kuona basi likija na upande wa jua, hayakuwamo katika maelezo yoyote tuliyopewa, wala sisi hatukuyauliza. Mkwaju ulikuwa umeyajibu yote mawili kabla hatujazaliwa.

Tangu siku ile nimejiwekea taratibu kwamba sitachora kituo cha kusubiria kabla sijakaa mahali penyewe kuanzia alfajiri hadi jioni, nikiandika watu wanakaa wapi saa ngapi na wanahama lini. Ndivyo nilivyofanya Mang'ula, na mahali pale palinifundisha jambo ambalo kitabu kisingenifundisha. Mang'ula iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, kuelekea mwisho wa Februari na katikati ya Oktoba. Mwezi Juni huwa upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini, lakini wakati wote huwa juu kiasi kwamba paa lolote lenye upana wa kutosha humkinga mtu. Jua linalosumbua nchini kwetu ni lile la pembeni, la asubuhi na la jioni. Na pale Mang'ula la jioni halipo kabisa kwa namna tuliyoizoea, kwa sababu mlima uko magharibi ya barabara na hulimeza jua mapema, kivuli chake kikateremka juu ya kijiji na barabara wakati bondeni kwa mbali bado kunang'aa. Kinachobaki ni jua la asubuhi, linalopanda kutoka upande wa bonde bila kizuizi.

Sasa fikiri habari ya anayesafiri kwenda Morogoro au Dar es Salaam. Magari yetu hushika kushoto, kwa hiyo basi liendalo kaskazini humchukua abiria upande wa magharibi wa barabara, ambao ndio upande wa hifadhi. Abiria huyo hukaa akitazama barabara, yaani mashariki, na mabasi ya safari ndefu hupita asubuhi. Jua lote la saa mbili linampiga usoni. Mwenzake anayekwenda Ifakara hukaa ng'ambo, ameupa mgongo ujoto wote na anautazama mlima. Vituo viwili vilivyoachana kwa upana wa barabara tu, na havipaswi kufanana hata kidogo, ingawa kwa desturi mchoro mmoja hunakiliwa pande zote mbili kwa kugeuzwa tu.

Kwa kituo cha upande wa hifadhi nilipiga hesabu hivi. Mtu mzima akikaa, macho yake huwa kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Baada kidogo ya saa mbili asubuhi jua huwa limepanda nyuzi zipatazo 25. Ukingo wa paa ukishushwa hadi mita 2.2, mtu huyo atahitaji kukaa zaidi ya mita 2 nyuma ya ukingo ndipo macho yake yawe kivulini. Kwa hiyo banda linakuwa na kina cha mita 3 na zaidi, si mita moja na nusu kama vibanda vingi vya barabarani, ambavyo kwa kweli humkinga mtu na jua la adhuhuri peke yake. Ukuta wa nyuma upo, tena mfupi wa kufika mabegani ili upepo upite. Ukuta wa upande wa kusini haupo kabisa, kwa sababu basi la kwenda Dar es Salaam hutokea kusini, na mama wa ndizi alishanionya.

Niliwahi kukiona kituo kilichofikiriwa kwa namna hii, mbali sana na hapa. Nilipokwenda Marekani kumtembelea dada yangu, tulifika katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, jimbo la Utah, katikati ya kiangazi, joto likiwa zaidi ya nyuzi 38 za selsiasi. Zion ni korongo jembamba lenye kuta ndefu za mawe mekundu, na ndani yake hupita mto na barabara moja. Hadi miaka ya 1990 magari binafsi yalikuwa yakiingia korongoni yote. Siku za msongamano yalifika kama 5,000 huku nafasi za kuegesha zikiwa 450 hivi, na watu wakaegesha juu ya majani na kando ya mto. Mwaka 2000 waliamua kwamba katika miezi ya wageni wengi barabara ya korongo itakuwa ya mabasi ya hifadhi. Mgeni huacha gari mlangoni, au katika mji jirani wa Springdale ambako basi jingine humleta, kisha hupanda basi bila nauli na kushuka kituo atakacho. Mabasi ya kwanza yalitumia gesi ya propani. Kufikia mwaka 2024 yote yakawa ya umeme.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi jengo la wageni na kituo cha basi vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja. Maelezo ya hifadhi, ramani na picha nyingi hazikufungiwa ndani ya ukumbi. Zimewekwa nje chini ya vivuli, katika njia ile ile inayompeleka mtu kwenye basi, hivyo mgeni hujifunza akiwa anaelekea kupanda, wala hapotezi muda wake. Kwa kuwa maonyesho yako nje, jengo lenyewe liliweza kuwa dogo. Lina minara miwili iliyowekewa juu yake vifaa vinavyoloweshwa maji. Hewa kavu ya jangwani ikipita humo hupoa, huwa nzito, na kuteremka yenyewe hadi ndani bila feni. Upande wa kusini lina ukuta mzito nyuma ya kioo, ambao hukusanya jua la majira ya baridi mchana na kuutoa ujoto wake polepole usiku. Sehemu ya umeme wake hutoka kwenye paneli za jua. Nilisimama chini ya mnara mmoja kwa muda mrefu, nikisikia baridi ikinishukia kichwani, na dada yangu akaniita mara tatu.

Lakini ningekosea sana kama ningeuchukua mnara ule na kuujenga Mang'ula. Hewa ya Kilombero ni nzito kwa unyevu. Maji hayavukizwi haraka ndani yake, na mnara ungebaki kuwa bomba la kuotesha ukungu. Ukuta wa kukusanya joto nao ungekuwa adhabu kwa watu wa bondeni. Pale Zion walisoma hewa yao na jua lao, na sisi tuna hewa yetu, ambayo haina dawa nyingine isipokuwa kuachiwa ipite. Jengo la kupokelea wageni ninalolichora halina ukumbi. Ni paa refu juu ya nguzo, chumba kimoja cha kufungwa kwa ajili ya malipo na vifaa, na njia ya mita sitini hivi chini ya miti iliyopo, kutoka banda la basi hadi pale waongozaji wanapokutana na wageni. Njiani ndipo habari za msitu zinapoelezwa. Huku kwetu pia mfano wa busara hiyo upo: kituo cha wageni cha Seronera, ndani ya Serengeti, kimejengwa kuuzunguka mlima mdogo wa mawe badala ya kuusawazisha, na mgeni husoma habari akitembea huku pimbi wakiota jua juu ya miamba. Kila nikifika pale huwa naona fahari.

Paa ndilo lililonitesa kuliko vyote. Wengi huwaza makuti au nyasi, kwa kuwa ndiyo picha ya kitalii iliyozoeleka, na ni kweli kwamba paa la nyasi ni la baridi. Hata hivyo katika mahali pa watu wengi, karibu na msitu unaopaswa kulindwa dhidi ya moto, penye mvua kubwa inayoozesha nyasi baada ya miaka michache, paa hilo humwachia mhifadhi mzigo wa kuliezeka upya kila mara, na mwisho huvuja. Bati hudumu, lakini bati tupu huwaka mchana, na mvua ya masika inapolipiga huwezi kumsikia konda anayeita. Nimeamua kutumia bati la rangi ya kijani kibichi isiyong'aa, na chini yake dari ya mianzi iliyoachiwa nafasi ya sentimita 20, wazi kwenye ukingo na kileleni, ili hewa moto ipande na kutoka. Kenchi, yaani fremu zinazolibeba paa, ni za mbao za kupandwa, si za msituni. Kuta fupi ni za matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo hayachomwi kwa kuni. Naliona jambo la aibu kuchoma tanuri la matofali kwa magogo ili kujenga lango la msitu.

Maji ya paa hilo si ya kupuuzwa. Banda lenye paa la mita 12 kwa 4 lina mita za mraba 48, na mvua ya milimita 30, ambayo si ajabu kule wakati wa masika, hulimwagia lita 1,440. Ukiondoa yanayoruka na kupotea, lita 1,200 zinaingia kwenye tangi kwa siku moja. Yanatosha kunawia mikono na kusafishia vyoo kwa siku kadhaa. Mtu wa mjini atachora simtanki nyeusi juu ya mnara wa chuma nyuma ya banda, na mimi pia ndivyo nilivyochora mwanzoni. Mhifadhi mmoja mzee ndiye aliyenitahadharisha kwamba tembo hunusa maji, na kwamba kiangazi kikikaza hawashindwi kuangusha tangi au kung'oa bomba. Tangi sasa liko chini ya ardhi, limefunikwa kwa zege, na juu yake ndipo watu wanapoweka mizigo.

Habari ya vyoo nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndipo heshima ya mgeni inapopimwa na ndipo wasanifu tunapopita haraka. Sote tuliosafiri kwa basi tunajua maneno "kuchimba dawa". Basi husimama porini, wanaume huenda huku, wanawake kule, na wazee, wajawazito na wenye ulemavu hubaki kwenye viti vyao wakiumia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na humo hairuhusiwi kushuka wala haifai, kwa hiyo abiria wa kwenda Udzungwa huwa amekwisha kuvumilia kipande kirefu kabla hajafika Mang'ula. Akishuka, jambo la kwanza analolihitaji linafahamika.

Hesabu yake ni rahisi lakini haifanywi. Chukua basi la abiria 57 lililosimama kwa dakika 15, na useme watu 40 wanahitaji choo, 22 kati yao wanawake. Mwanamke akitumia dakika 3, kwa kuwa ana kanga au gauni la kupanga na mara nyingi ana mtoto, hizo ni dakika 66. Zikigawanywa kwa 15 unapata 4.4, yaani vyumba 5. Wanaume 18 kwa dakika moja na nusu ni dakika 27, yaani nafasi 2. Sasa tazama michoro ya kawaida: vitatu kwa vitatu, kwa jina la usawa, na foleni ya akina mama huzunguka jengo huku dereva akipiga honi. Mimi nimechora vitano vya wanawake, viwili vya wanaume pamoja na sehemu ya haja ndogo, na kimoja kikubwa chenye mlango wa sentimita 90 na nafasi ya kugeuza kiti cha magurudumu, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, ambacho pia kina meza ya kumbadilishia mtoto nepi. Njia ya kukifikia inapanda sentimita moja kwa kila sentimita 12, si zaidi. Kwa kuwa maji ya bomba hayana uhakika, ni vyoo vya shimo vilivyoboreshwa, vyenye bomba refu la kutolea hewa lililopakwa rangi nyeusi na kufungwa wavu juu: jua hulipasha joto, hewa hupanda, harufu hutoka, na nzi anayefuata mwanga hunasa kwenye wavu. Ni ufundi wa zamani na unafanya kazi pale ambapo mtu anapewa mshahara wa kuusafisha. Mshahara huo nimeuandika kwenye makadirio ya gharama kama sehemu ya jengo, kwa sababu choo kisichokuwa na mtu wa kukitunza huwa kimeshakufa siku ya kuzinduliwa.

Nyani nao wana sehemu yao katika mchoro. Kando ya barabara ya Mikumi wamejifunza kwamba basi ni chakula, kwa sababu abiria hurusha maganda na mabaki dirishani. Pipa la taka lililo wazi kwenye kituo cha basi kilicho ukingoni mwa msitu huwafundisha wa Udzungwa somo hilo hilo. Pipa ninalolichora ni sanduku la chuma lililofungwa kwenye zege, lenye kifuniko kinachofunguliwa kwa kuingiza vidole ndani ya kibati na kusukuma juu, jambo ambalo mkono wa mtu huliweza kwa urahisi na wa nyani kwa shida kubwa. Taa nimezipunguza hadi tatu, za rangi ya njano, zilizofunikwa juu na kutazama chini, na huzimika zenyewe basi la mwisho likishapita. Kule kuna ushoroba wa tembo unaoiunganisha Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, na jitihada kubwa imefanywa hadi kujenga kivuko cha tembo chini ya barabara. Haitakuwa haki sisi tuje na taa nyeupe za kumulika usiku kucha na kuwageuza wanyama waliokwisha kufunguliwa njia.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi. Kiingilio cha raia wa Tanzania ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni wa nje, na watu wengi wanaopita na basi hawalijui hilo hata kidogo. Kiandikwe kwa tarakimu kubwa ndani ya banda la basi, kwa Kiswahili kwanza, pamoja na saa ya basi la mwisho na muda wa kwenda na kurudi Sanje. Malangoni fedha taslimu hazipokelewi, hivyo asiye na kadi ya benki hulipa kwa simu baada ya kupewa namba ya malipo, na mtandao ukisuasua anaweza kungoja nusu saa. Angoje akiwa amekaa, kivulini, anaona njia na amepata maji. Banda la basi na dirisha la malipo vikiwa karibu, mhudumu anaweza kumfuata alipo.

Benchi zenyewe nimeziita baraza, na sikusita kuliita hivyo kwenye ramani. Baraza la nyumba zetu lina kina cha kutosha mtu kukunja mguu, kumlaza mtoto, kuweka sinia katikati ya watu wawili. Benchi za vituo vya kisasa, zile za vyuma vilivyogawanywa kwa mikono ili mtu asijinyooshe, zimebuniwa kwa kumwogopa msafiri. Kimo ni sentimita 45, kina sentimita 75, uso wa mbao kwa sababu zege hushika joto na baridi. Kwenye kona ya kaskazini baraza linakatika na sakafu inakuwa tupu, na bomba la maji liko hapo: mwenye kiti cha magurudumu anapata pa kukaa na wenzake, na wakati wa sala mtu anatawadha na kutandika mkeka wake bila kuwasumbua wengine. Waongozaji wa watalii na wabeba mizigo nao wana sehemu ya baraza hilo. Pale Marangu, kwenye lango la Kilimanjaro, nimewaona wapagazi wengi wakisimama asubuhi kwenye manyunyu wakingoja mizigo ipimwe, kila mmoja asizidishe kilo 20, wakati wageni watakaobebewa mizigo hiyo wamekaa chini ya paa. Jengo la wageni lisilomhesabu anayemhudumia mgeni limekosea idadi ya watu wake.

Wiki mbili zilizopita nilirudi Mang'ula na michoro, nikaitandika juu ya kiti cha bodaboda moja pale kando ya barabara na kuishikilia kwa mawe manne. Vijana walikusanyika. Mzee mmoja aliyekuwa na gunia la mpunga aliuliza sakafu ya banda itainuka kiasi gani, na nilipomwambia sentimita 15, alisema gunia haliwezi kutoka hapo kwenda kwenye buti la basi bila kuinuliwa na watu wawili. Akanionyesha kwa mkono wake usawa wa goti. Nikaandika: sehemu ya mizigo, sentimita 50. Kisha kijana mwenye pikipiki akainama juu ya karatasi, akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Kaka, nguzo hii ya kona ikisimama hapa, sisi tunageuzia wapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimechora mzunguko wa magari ya watalii na sikuwa nimechora wa pikipiki, ingawa ndizo zinazowatoa watu kwenye basi na kuwapeleka nyumba za kulala wageni kila siku. Nikampa penseli. Alichora mstari kutoka barabarani, ukapita nyuma ya baraza chini ya mwembe uliopo, ukatokea upande wa pili, na pale palipokuwa na nguzo yangu akaweka alama ya msalaba. Nimeisogeza mita moja na sentimita ishirini kuelekea kaskazini, na wiki hii ninazipigia hesabu kenchi upya.